Hodi Katikati ya Mtihani

Chuo changu kilikuwa Columbus, mimi nilikuwa Louisville, na darasa letu halikuwa mahali popote. Ndivyo nilivyomweleza mama yangu kwenye simu. Yeye, kule Iringa, akauliza, "Sasa mkitaka kucheka mnachekea wapi?" Nikamwambia hatuchekagi. Akasema basi hiyo siyo shule, ni adhabu, na akaanza kunieleza habari za mahindi.

Ulikuwa mwaka 2014. Nilikuwa nesi wa wodi katika hospitali moja ya Louisville, mwanamke wa miaka arobaini kasoro, sina mume, sina mtoto, na nilikuwa nimechoka kumpigia daktari simu kumwomba ruhusa ya kumpa mgonjwa kidonge cha homa. Nilitaka kuwa muuguzi wa familia wa ngazi ya juu, yule ambaye Marekani anaruhusiwa kupima, kuandika dawa na kuwa na wagonjwa wake mwenyewe, kuanzia mtoto mchanga mpaka bibi kizee. Kwa kazi niliyokuwa nayo nisingeweza kwenda kukaa darasani, kwa hiyo nikajiandikisha kusoma mtandaoni. Watu wa chuo waliponipigia simu walisema nitasoma kwa muda wangu na mahali pangu. Hawakudanganya. Walichosahau kuniambia ni kwamba nitasoma na nafsi yangu.

Kila wiki tulitakiwa kuandika hoja kwenye jukwaa la darasa, kisha kuwajibu wenzetu wawili. Hapakuwa na aliyejibu watatu. Wote tulianza kwa sentensi ileile, kwamba tumependa sana mwenzetu alivyoeleza, kisha tukaeleza kitu kingine kabisa. Siku moja niliandika habari za mzee aliyefia mikononi mwangu wodini, ndugu zake wakiwa bado njiani, na jinsi nilivyokaa naye kwa sababu sikuona sawa mtu aondoke peke yake. Majibu yalikuwa mawili, kama ilivyotakiwa. Mmoja alinipongeza. Wa pili alinikumbusha kwamba sikuweka marejeo. Nilifunga kompyuta nikaenda kusugua choo. Mimi nikikasirika huwa nasugua choo, na mwaka ule choo changu kiling'aa kuliko vyombo vya kulia.

Kulikuwa na masomo ya kupima mwili: kugonga kifua, kuminya tumbo, kuchungulia masikio. Wenzangu walijifunza kwa waume zao na watoto wao. Niliwaona kwenye video walizotuma, mwanamume mzima amelala kwenye kochi anachekacheka, mke anamgonga mgongo. Mimi nilijigonga magoti yangu mwenyewe. Nilisikiliza moyo wangu mara nyingi kuliko inavyofaa, na nikaanza kuushuku. Video ilipodaiwa nilimbembeleza mwenzangu wa kazini aje nimpime. Alikuja, akavua fulana, akalala, akatazama saa mpaka nikamaliza, akaondoka bila hata kunywa chai niliyokuwa nimeshaipika. Nilikunywa vikombe vyote viwili.

Mara mojamoja tuliitwa Columbus kuonyesha kwa mikono tulichosoma kwa macho. Hapo ndipo nilipowaona wanadarasa wenzangu kwa mara ya kwanza. Tulikumbatiana kama ndugu, tukashangaa vimo vyetu, tukafanya mitihani ya vitendo, na jua lilipoanza kuelekea magharibi kila mtu alikuwa ameshaingia kwenye gari lake. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Clintonville, hukohuko Columbus, kwenye nyumba ya mwanamke mmoja mwenye paka. Nilizunguka mitaa ile chini ya miti mikubwa, nikitazama watu wakila vibarazani mwao, na nikajisemea kwamba ningekuwa kwetu, kutembea hivi jioni bila mtu hata mmoja kuniita nikale kungekuwa ni aibu ya mtaa mzima. Paka alinipokea vizuri.

Shida ya kweli ilikuja nilipofika hatua ya mazoezi. Chuo kile, kama vyuo vingi vya mtandaoni, hakikukutafutia mahali pa kufanyia. Ulitakiwa umpate mwenyewe muuguzi wa ngazi ya juu au daktari, akubali ukae naye kliniki miezi kadhaa, awe msimamizi wako. Bila msimamizi hakuna mazoezi, na bila mazoezi hakuna cheti. Louisville nzima niligonga milango. Kliniki nyingine zilisema zimejaa, nyingine hazikusema kitu. Mwishowe aliyenikubali alikuwa mama mmoja mzee wa Buffalo, muuguzi, mtu wa maneno machache. Kliniki yake ilikuwa na Wakongo wengi waliotoka Kivu, hasa Uvira, kupitia makambi ya wakimbizi, na alikuwa amechoka kuongea na wagonjwa kupitia mkalimani wa simu. Aliniuliza swali moja tu, kama Kiswahili changu ni cha kweli. Nikamwambia ndicho nilichonyonyeshwa nacho. Nikaacha kazi, nikasubiri leseni ya jimbo la New York, nikapakia gari.

Nilihamia Kenmore, jirani na Buffalo, mwezi wa kwanza, theluji ikiwa imefika magotini. Nyumba ilikuwa ya familia mbili, kama zilivyo nyingi upande ule: mmoja anakaa chini, mwingine juu, mlango wa mbele mmoja na ngazi ya pamoja. Mimi nilipanga chini. Juu walikaa Wakongo. Baba alifanya kazi kiwandani Tonawanda, mama alilea wazee majumbani kwao, walikuwa na watoto watatu, na bibi, mama yake baba. Niliyajua hayo yote kwa masikio. Sakafu yao ilikuwa dari yangu. Asubuhi nilisikia watoto wakikimbizana kutafuta soksi, mama akiwapigia kelele kwa Kiswahili, wao wakimjibu kwa Kiingereza. Jioni baba alipiga gitaa, bibi akaimba nyimbo za kanisani, na wengine wakamfuata.

Mtu atauliza kwa nini sikupanda ngazi nikawasalimie. Nami nasema mgeni nilikuwa mimi. Kwetu mgeni akihamia, wenyeji ndio huja kumwangalia ana nini, hana nini. Nilisubiri waje. Sina tabia ya kujipeleka kwa watu, mama yangu huita kiburi, mimi naita kujiheshimu. Tulisalimiana ngazini, "Jambo, mama," "Jambo sana," kila mmoja amejifunika mpaka macho, tukapita. Baadaye nilikuja kujua kwamba na wao walikuwa wamesikia mimi ni mtu wa hospitali, wakaogopa kunisumbua.

Kliniki nilikuwa na watu tele. Wazee walinishika mkono hawakuuachia, akina mama walinieleza ya tumbo na ya ukweni kwa pumzi moja. Msimamizi wangu alisimama pembeni akisikiliza asichokielewa, kisha aliniuliza, "Kwa hiyo ana nini?" na mimi nikamjibu kwa maneno manne: presha, na hana usingizi. Mwisho wa wiki nilifanya zamu katika nyumba ya wazee Tonawanda ili nipate kula. Lakini nikishageuza ufunguo wa mlango wangu, hapakuwa na mtu wa kuniambia hata pole. Nilikula nimesimama. Nilianza kuzungumza na friji. Niseme wazi: nilikuwa mpweke mpaka mwili uliuma, na mimi niliyesomea kupima watu nilijua kabisa kwamba maumivu yale hayana kidonge.

Mwezi wa tatu ukaja mtihani mkuu wa muhula. Nao ulifanyika nyumbani, mbele ya kamera. Masharti yalikuwa makali. Unazungusha kompyuta chumba kizima ili msimamizi wa mtihani, aliye mbali huko asikojulikana, aone kuta, aone chini ya meza, aone mlango umefungwa. Huruhusiwi kuinuka, huruhusiwi kuongea, na haruhusiwi mtu mwingine chumbani. Ukivunja, mtihani unafungwa na kesi inapelekwa chuoni, na chuo kina haki ya kukufukuza. Nililijua hilo. Niliweka saini.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Msimamizi wa mtihani alikuwa sauti tu, sauti ya mwanamke mpole. Nilimwonyesha chumba changu, nikaona aibu kidogo kwa jinsi kilivyo kitupu. Mlango wa kwenda ngazini niliurudishia tu, sikupiga ufunguo, kwa sababu tangu nihamie hapakuwa na mkono uliougusa zaidi ya wangu. Nikaanza. Maswali yalikwenda vizuri. Mtoto mwenye homa na shingo ngumu, mjamzito mwenye sukari, mzee anayekohoa tangu aanzishiwe dawa ya presha. Nilikuwa nimefika katikati na moyo umetulia.

"Hodi! Hodi humu mu nyumba!"

Nami nikasema, "Karibu!"

Sikufikiri. Kama ningefikiri nisingesema. Lakini neno lile halipiti kichwani. Umefundishwa kabla hujajua kutembea kwamba mtu akibisha hodi na wewe umo ndani, unaitikia, hata kama uko bafuni na sabuni machoni. Sauti yangu ilitoka kubwa, ya furaha, na mlango ukafunguka.

Waliingia watatu. Mama wa juu alitangulia na sufuria iliyofungwa kwa kitenge, nyuma yake bibi akiwa na fimbo, na nyuma ya bibi mwanamke wa kanisani kwao amebeba chupa ya chai. Walivua viatu mlangoni. Mimi nilikuwa nimeinua mikono kama polisi anayezuia magari.

"Mama docteur," alisema mama wa juu, maana kwao kila mtu wa hospitali ni daktari, "tulisikia uko peke yako tangu ufike. Bon, tukasema hapana, mutu hawezi kukaa hivi kama hana bantu. Tukakupikia sombe."

Sauti kwenye kompyuta ikauliza kwa Kiingereza ni nani aliyeko chumbani. Ikauliza tena. Bibi alisimama, akageukageuka kumtafuta.

"Na uyu mwenye anasema mu kompyuta," akauliza, "hatutamusalimia?" Na bila kungoja jibu akainamia kamera, uso wake ukajaza kioo, akapaza sauti, "Jambo, mama! Habari ya watoto?"

Mtihani ukafungwa.

Ningeweza kuwaambia. Ningeweza kupiga kelele, na Mungu anajua zilikuwa zimefika kooni. Lakini walikuwa wameshakaa, bibi kwenye kiti changu cha pekee, nilichompisha, wengine wawili kitandani, na mama wa juu alikuwa ameshaanza kuuliza sahani ziko wapi. Nikatoa sahani. Tulikula sombe, ambalo sisi tunaliita kisamvu, limetwangwa vizuri na kupikwa kwa mawese, pamoja na ugali waliouita fufu. Walinicheka nilivyokula haraka. Bibi aliniuliza baba yangu ni nani, mama yangu ni nani, kwa nini sina mume, na nikipata mume nitampikia nini na jiko tupu namna hii. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na nikajua siyo yote ya kicheko. Walikaa mpaka jua likaondoka dirishani. Walipopanda juu nilisoma ujumbe wa chuo. Nilikuwa nimeshukiwa udanganyifu na niliitwa Columbus mbele ya kamati.

Niliendesha kutoka Buffalo asubuhi, barabara ndefu, ziwa upande wa kulia limeganda. Njia nzima nilijizoeza kueleza hodi kwa Kiingereza. Haielezeki. Ukisema ni kugonga mlango, wanakuuliza kwa nini hukuacha wagonge. Ukisema ni salamu, wanasema salamu inaweza kusubiri.

Kamati ilikuwa ya watu watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, wote wastaarabu, na hilo lilinitisha zaidi. Waliniwekea video. Sikuwahi kujiona namna ile. Pale kwenye kioo alikaa mwanamke ameinamisha kichwa, amekunja midomo, macho yamemzama. Kisha sauti ikaja kutoka nje na uso ule ukafunguka. Ulifunguka wote, meno, macho, mabega yakanyanyuka, na ndipo akasema neno ambalo wao hawakulielewa.

Yule mwanamume akasimamisha video hapo hapo. Akasema kwa upole kwamba hilo ndilo linalowasumbua. "Huonekani umeshtuka," alisema. "Unaonekana ulikuwa unawasubiri."

Nilikuwa nimejiandaa kueleza mila. Nilikuwa na maneno mazuri kuhusu ukarimu wa Waafrika, maneno ambayo hata mimi nayachukia. Yote yakanipotea.

"Nilikuwa nawasubiri," nilisema. "Siyo siku ile. Tangu nihamie pale. Hakuna mtu aliyewahi kugonga mlango wangu kabla yao. Waliponibishia hodi nilifurahi. Hicho mnachokiona ni furaha, siyo udanganyifu."

Mmoja wa wale wanawake aliuliza kwa nini basi sikukaa kimya mpaka waondoke. Nikamwambia kwamba kwetu ukibishiwa hodi ukanyamaza na wewe umo ndani, umemkataa mtu. Akaandika. Yule mwanamume aliutazama tena uso wangu pale kwenye kioo, umeganda na meno nje, kisha akaifunga kompyuta taratibu. Sikulia mbele yao. Nililia kwenye gari, kwenye maegesho yao, mpaka kioo kikafunga ukungu.

Uamuzi ulikuja siku chache baadaye. Waliniamini, lakini kanuni ni kanuni. Nitarudia mtihani mara moja tu. Sauti ya mtu mwingine ikisikika tena, kwa sababu yoyote, nimefukuzwa. Na nilitakiwa kuwaarifu majirani.

Nikapanda ngazi kwa mara ya kwanza. Nilipomaliza kueleza, mama wa juu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mungu wangu! Donc njo sisi tulikuharibishia masomo?"

"Hapana, mama, msijali. Nyie mliniletea chakula."

"Na koko alisalimia ule muzungu!" Koko ndivyo walivyomwita bibi, naye alikuwa kwenye kochi, amejikunyata kama mtoto aliyevunja kikombe.

Niliwaambia siyo kosa lao. Niliwaambia ninachoomba ni utulivu kidogo, masomo yakiisha tutakula tena, na nilipokuwa navaa viatu mlangoni nikasema, kama mtu anavyosema akivaa viatu, "Nikimaliza nitawaambia." Nikashuka.

Kuanzia siku ile juu kukawa kimya. Mwanzoni nilishukuru. Kisha nikaanza kutega masikio. Asubuhi hapakuwa na mbio za soksi, jioni hapakuwa na gitaa wala nyimbo. Ngazini mama wa juu alinisalimia kwa kuinua mkono tu, midomo imefungwa, akapita upesi. Siku moja nilimpima bibi presha pale kliniki. Aliitikia salamu kwa sauti ya chini kabisa, hakuniuliza habari za mume, akatoka. Nikaelewa wamenisusa. Nimewaaibisha, nimewaita wakosaji mbele ya wazungu, nimekula sombe lao na kwenda kuwashitaki. Choo kikapata kazi.

Nilirudia mtihani mwezi wa nne. Nilipiga ufunguo, nikazungusha kompyuta, na nyumba nzima ilikuwa kimya kama imehamwa. Nilifaulu, tena kwa alama nzuri. Nilimpigia mama yangu, akapiga vigelegele peke yake kule Iringa mpaka akakohoa. Msimamizi wangu kliniki alisema vizuri, akanipa mgonjwa aliyefuata. Jioni nilikaa kitandani nimevaa gauni zuri, nikitazama dari. Nilitamani kupanda niwaambie. Lakini nikasema, mtu aliyekususa humfuati na habari zako njema, atadhani unamringia. Wao wananijua nilipo. Wakitaka watakuja.

Hawakuja. Theluji ikaisha, miti ikachanua, nikamaliza saa zangu za mazoezi, na kliniki ikaniambia nikishapata leseni nibaki. Niliwapima watu kutwa nzima na kurudi kwenye ukimya. Kuna majirani wanaogombana, na nakuapia niliwaonea wivu.

Mwezi wa nane niliamka nikakuta lori la kuhamisha mizigo mbele ya nyumba. Baba na wanaume wa kanisani walikuwa wanashusha makochi, wananong'ona. Nilisimama mlangoni kwangu nikiwa sijui niingie au nitoke. Mama wa juu aliniona, akaja, akanishika mikono yote miwili.

"Mama docteur, utusamehe. Tunaenda Louisville, kule papa alipata kazi ya muzuri. Tunakuacha na haujamaliza masomo, na sisi tulikuwa tunapenda tukule nawe mbele tuende."

"Sijamaliza?" nilisema. "Mtihani nilimaliza mwezi wa nne."

Aliniachia mikono. "Wa ine?"

"Nilifaulu."

"Lakini ulisema utatuambia," alisema polepole. "Tulikuwa tunangoya utuambie. Papa gitare aliipeleka ku kanisa. Koko anaombaka mu salle de bain, kule tunaogaka, amefunga mulango. Batoto, niliwaambia, mwenye atatembeza viatu mu iyi nyumba, atanisikia. Kila siku tunasema, tumuache, anasoma, asifukuzwe juu ya makelele yetu." Akageuka akamwambia bibi, aliyekuwa kwenye kiti uani akisubiri gari, "Koko, mama docteur alishamaliza! Tangu mwezi wa ine!" Bibi akaweka mkono kifuani, akatikisa kichwa, akasema Mungu asifiwe, na hakunilaumu hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma.

Dari yangu yote, majira mawili mazima, watu sita walikuwa wametembea juu yangu kwa ncha za vidole, na mimi chini yao nikihesabu kwamba nimechukiwa. Nilisema, "Mama, mimi nilidhani mmenisusa." Akanitazama kama nimesema kitu kwa lugha asiyoijua.

Wakati huo binti yao mdogo alikuwa anashuka ngazi. Alishuka kwa kunyata, mgongo ukutani, ana soksi tu, na viatu amevikumbatia kifuani. Alikuwa ameshazoea hivyo. Mama yake akamwambia avae viatu, mama docteur amemaliza kusoma. Mtoto akajibu kwa Kiingereza, akiuliza kama ni kweli, na hakumwuliza mama yake, aliniuliza mimi. Nikamwambia ni kweli.

Akakaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi, akavaa, akafunga kamba vizuri. Kisha akageuka akapanda ngazi mbio mpaka juu, akazunguka vyumba vyao vitupu vyote, akashuka, akapanda tena, akipiga miguu kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na vioo vikatetemeka. Hakuna aliyemkemea. Wanaume walisimama na kabati mikononi wakingoja apite. Niliingia ndani kwangu, nikasimama katikati ya chumba, nikainua uso, nikamsikiliza mpaka walipomwita garini.